Dada wa Mwenye Bucha Amekataa Nyama

4 Januari

Mdogo wangu,

Juzi ulinikatia simu. Kabla ya kukata ulisema nisikupigie tena mpaka huu wazimu unitoke. Sawa, sipigi. Lakini barua hukuikataza, na uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunidakia maneno katikati. Labda uichane, na nakujua, hutaichana kabla ya kuona mwisho wake unasemaje.

Basi nakuandikia yale ambayo hukuniacha nimalize. Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa. Daktari ni binti mdogo tu, lakini ana maneno ya mtu mzima. Alinifunga ule mpira wa kupimia presha mkononi, akaujaza upepo, akatazama, akaufungua akanifunga mkono wa pili kama mtu asiyeamini macho yake. Kisha akaniuliza baba yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia. Akauliza ndugu zake je. Nikamwambia pia. Akaniandikia vidonge, akanikataza kuviruka hata siku moja, ila akasema vidonge peke yake ni sawa na kudeki sakafu wakati bomba bado linavuja. Nibadilishe sahani. Nile kama walivyokula wakulima wa Kigiriki wa zamani: dengu, maharage, mboga za majani kwa wingi, nyanya, matunda, mkate wa unga usiokobolewa, mtindi, samaki mara mbili kwa wiki, mafuta ya zeituni badala ya haya yanayoganda. Nyama mara moja moja, kipande cha kuonja.

Nilipofika kwenye nyama ndipo ulipocheka. Ukasema dada wa mwenye bucha ameambiwa ale majani kama mbuzi. Nikacheka na mimi. Kisha ukasema natukana kazi iliyotulea, na hapo sikucheka tena.

Mimi ndiye niliyekuwa dukani siku Baba alipoanguka. Wewe ulikuwa mnadani, umekwenda kununua ng'ombe. Alikuwa anampimia mama mmoja mbavu. Aliweka jiwe kwenye mizani, akamwambia "ngoja kidogo," akaegemea gogo, akashuka taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Baba Mdogo hata hamsini hakufika. Watu wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Sibishani na Mungu. Ila ule mchuzi uliokuwa ukipoa unaganda mweupe kwenye bakuli tulikuwa tunaupika sisi, na kijiko hakikushikwa na Mungu.

Nina hamsini na tatu. Nimeamua sianguki. Nitakula wanavyokula hao Wagiriki hata kama sijawahi kumwona mmoja. Wewe cheka, nuna, susa, lakini usiniambie nirudi nyuma. Maji nimeshayavulia nguo.

Nisalimie wifi na binti yenu, bibi harusi wetu mtarajiwa.

Dada yako,
Fundi

*

16 Januari

Dada,

Shikamoo. Nilisema usipige simu na mimi sili matapishi yangu, kwa hiyo naandika.

Umeniandikia habari za Baba kana kwamba mimi si mtoto wake. Unakumbuka siku ya tatu baada ya kumzika nani alifungua bucha? Nilikuwa na miaka ishirini, sijui hata kunoa shoka vizuri. Hiyo bucha ndiyo iliyokununulia cherehani ya kwanza. Leo unaniambia ilituua.

Na jambo lenyewe halikuishia kwako. Wateja wameshajua. Nadhani ni mke wangu, hana kifua cha siri. Juzi yule mwalimu anayechukua maini kila Jumamosi ameniuliza, huku anatabasamu, kama ni kweli dada yangu hali nyama yangu. Watu wote kwenye foleni wakasogea kusikiliza. Nikasema una vidonda vya tumbo. Nimekudanganyia, Dada, mbele za watu. Mtu akisikia mpishi hali chakula chake, hutaka kujua kuna nini jikoni.

Baba alikufa kwa sababu siku yake ilifika. Mimi nakunywa supu ya mifupa kila asubuhi na bado nabeba paja la ng'ombe begani, kutoka garini mpaka kwenye kulabu, sipumziki njiani. Hao madaktari wanasoma vitabu, mimi nasoma mwili wangu. Ni mzima kama jiwe.

Wewe ni mkubwa kwangu, siwezi kukuamuru. Nakuomba tu. Kula unachotaka ndani kwako, funga mlango. Mbele za watu kula kama watoto wa baba yetu.

Mdogo wako

*

5 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mlango sifungi.

Ngoja nikusimulie wiki ya kwanza ili ucheke vizuri, maana unapenda kucheka. Nilipika dengu kama ninavyoshona sare za shule wakati tajiri amesimama nyuma yangu: haraka haraka. Zikatoka kama kokoto. Siku ya pili nikazidisha maji, zikawa uji wa kubandikia matangazo ukutani. Mboga nikachemsha mpaka zikapoteza rangi. Chupa ya mafuta ya zeituni niliyonunua ni ndogo kama ya manukato, nikawa nadondosha kwa matone kama dawa ya macho. Siku ya nne nililala njaa, na nilikuwa tayari kukupigia simu nikubali nimeshindwa. Kilichoniokoa ni kwamba ulinikataza kupiga.

Siku ya tano nilikwenda kununua vitunguu pale kona ya mtaa wetu. Muuzaji wake tunamwita Nahodha. Hajawahi kuwa nahodha, alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo ya Wagiriki kwa miaka kumi na tisa mpaka goti likamkataa. Mdomo wake hauna breki. Akaniona natazama dengu zake kwa chuki, akauliza zimenikosea nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema wale mabaharia walikuwa wakikaripiana kuhusu dengu kuliko kuhusu wanawake. Akaniambia: kitunguu kingi, karoti, nyanya, vitunguu saumu, moto mdogo, usikoroge kila dakika kama mtu mwenye wasiwasi. Mafuta mwisho, ukishatoa jikoni. Na kijiko kimoja cha siki. Mboga uzitoe bado zina rangi, uzikamulie limau.

Nilipika hivyo. Nikala mabakuli mawili, nimesimama, sijakumbuka hata kuvuta kiti.

Kazini tuko mafundi saba, cherehani saba mstari mmoja. Mchana wenzangu wakifungua viazi vya kukaanga na nyama, mimi nafungua bakuli langu. Walianza kuniita Mgiriki. Ilikuwa kunidhihaki. Basi nikachukua uzi mwekundu nikalidarizi jina lenyewe kwenye aproni yangu, herufi kubwa, MGIRIKI, nikaivaa siku iliyofuata. Fundi wa vifungo sasa anachovya mkate wake kwenye bakuli langu, na anayepiga pasi ameniuliza siki inauzwa wapi. Natembea kwenda kazini na kurudi, nimeacha kupanda gari. Kiuno cha sketi yangu nimekipunguza mara moja.

Usiwaambie watu nina vidonda vya tumbo. Sina. Waambie ukweli au unyamaze.

Fundi

*

22 Februari

Dada,

Sasa nimeelewa. Kumbe si daktari, ni muuza vitunguu.

Binamu yetu alipita huko kwenu akakuona umekaa kwenye kiti cha huyo mtu, pale kona, saa kumi jioni mchana kweupe, mnakula sahani moja na mnacheka. Tangu shemeji alipofariki sijaingilia mambo yako. Ukitaka kuolewa tena sema, mimi ni ndugu yako wa pekee, nitakaa kitako na huyo mtu tuzungumze. Lakini usinipitishie mlango wa nyuma kwa kisingizio cha dengu.

Harusi ya binti ni tarehe kumi na nne mwezi ujao. Nachinja ng'ombe wawili, nawachagua mwenyewe. Wewe ndiye shangazi, utakaa meza kuu upande wangu wa kulia. Wateja wangu wote watakuwepo, na mwalimu pia. Ninachotaka ni kimoja tu. Nitakukatia kipande kwa mkono wangu, utakila mbele zao, na maneno yataisha. Siku moja, Dada, kipande kimoja. Hata huyo daktari wako aliruhusu kuonja.

Kama huwezi kunifanyia hilo, sijui nikuambie nini.

Mdogo wako

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Nitakuja. Nitakaa upande wako wa kulia. Nitacheza mpaka viatu vikatike.

Nyama sitaila. Kipande kimoja hakitaniua, najua. Ungeniomba nile kwa sababu ni kitamu, ningekila. Unaniomba nile ili watu waone nimesalimu amri, na hilo tumbo langu halilipokei.

Nahodha ana mke, na mke wake ndiye aliyepika ile sahani. Binamu hakumwona kwa sababu alikuwa ameinama anachagua mchicha. Kama kuna mtu wa kukaa naye kitako ni binamu.

Fundi

*

19 Machi

Mdogo wangu,

Nimeacha siku tano zipite ili hasira ipoe. Haijapoa, lakini naandika.

Binti alipendeza. Gauni nililomshonea lilimkaa kama ngozi yake. Hilo tu ndilo ninalotaka kulikumbuka, lakini mengine nayo hayatoki kichwani.

Ulijua nimekuja na sufuria yangu. Wifi alinisaidia kuipasha, na sikumwomba. Ulingoja mpaka kipaza sauti kiwe karibu, ukaja na sahani ya nundu na mafuta yanachuruzika mpaka kwenye mkono wa shati lako, ukaiweka mbele yangu juu ya bakuli langu. Juu yake, si pembeni. Ukasema, "Kula, Dada. Watu wanatazama." Nikakujibu, "Waache watazame." Nikainyanyua sahani yako, nikaiweka mbele ya mwalimu, nikala dengu zangu mpaka kijiko kikagonga chini. Sikuharakisha. Ukumbi mzima ukanisikia natafuna.

Sikukufedhehesha. Ulijifedhehesha mwenyewe, mimi nilikuwa nakula.

Sasa nikuulize. Ulipokuwa unakata nyama ya meza kuu, kisu kilikuponyoka mara mbili. Wewe, ambaye Baba alikuwa akisema umezaliwa nacho mkononi. Mara ya pili ulikitazama kikiwa chini muda mrefu kabla ya kuinama. Ilikuwa nini?

Dada yako

*

3 Aprili

Dada,

Ilikuwa mafuta. Mikono ilikuwa na mafuta, kisu kikateleza. Hata wewe sindano inakuponyoka.

Nimejikata kidole, ndiyo maana herufi zinalala. Usinipigie simu, ilidondoka majini. Biashara nzuri. Yaliyopita yamepita.

Mdogo wako

*

6 Aprili

Wifi,

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, na mume wangu hajui.

Hajajikata kidole. Siku ya nne baada ya harusi alikuwa uani anapakia viti vya kukodi kurudisha. Akasema kichwa kizito. Akaketi kwenye kiti kimojawapo, na nilipomletea maji akayashika kwa mkono wa kulia, kikombe kikapita kati ya vidole kana kwamba hakuna vidole. Mdomo ukaenda upande. Nilimwita jina, akanijibu neno ambalo si neno. Jirani akatoa gari.

Wanasema tuliwahi, kwa hiyo Mungu ashukuriwe. Maneno yamerudi karibu yote, mdomo umekaa sawa. Mguu wa kulia anauburuta. Mkono bado. Ile barua yako alikuwa nayo chini ya mto, aliniambia nimpe kalamu, akaandika kwa kushoto kutwa nzima ili usijue. Mara tatu alichana akaanza upya. Kwenye mlango wa bucha nimebandika karatasi kwamba tumesafiri. Hiyo nayo ni amri yake.

Nina neno linanichoma, na sina mwingine wa kumwambia. Siku ya tatu hapa aliomba supu ya mifupa. Alisema akiipata atanyanyuka. Nilimpelekea. Nikampelekea tena kesho yake. Nilijua, wifi. Miezi yote hii nilikuwa nasoma barua zako kabla yake na nilijua kabisa, na bado nilishika bakuli nikamnywesha, kwa sababu alikuwa ananitazama kama mtoto. Muuguzi akanikuta. Hakunigombeza, alilichukua bakuli tu.

Daktari wa hapa amemweleza namna ya kula. Alipofika kwenye dengu, mume wangu akageukia ukutani. Daktari alidhani anaumwa. Mimi nikajua amekukumbuka wewe.

Njoo au usije, sijui lipi bora. Akijua nimekuandikia atanikasirikia, na mimi nimechoka kuogopa kukasirikiwa.

Wifi yako

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Wifi ameniambia. Usimguse kwa neno. Ukimgombeza nitajua, na nitakuja na sufuria kubwa kuliko ile.

Nilikasirika kwanza, kisha nikakumbuka kwamba sina haki nayo yote. Mimi pia nilikudanganya. Nilikuandikia nilikwenda kupimwa. Sikwenda, nilipelekwa. Nilianguka kazini mwezi wa kumi na mbili, nikiwa napindia kola, nikaangukia cherehani. Nina kovu juu ya nyusi, siku ya harusi nililifunika kwa kilemba. Nililazwa siku nne. Niliwaambia wenzangu mtu asikupigie. Kwa nini? Kwa sababu nilijua ungefunga bucha ukaja, ungenitazama vile nilivyomtazama Baba sakafuni, na mimi nisingenyanyuka tena. Nilitaka ubishane nami. Mtu anayebishana na wewe anakuona uko hai.

Basi tumedanganyana kwa zamu, watoto wa baba mmoja. Mimi nilificha ili uendelee kunipiga vita, wewe umeficha ili nisiseme "nilikuambia". Sitasema. Kuna methali wazee waliitunga kwa ajili ya mdogo asiyemsikia mkubwa akavunjika mguu, na siitaki hata kuisikia. Wewe hukuvunjika kwa sababu yangu, wala hutapona kwa sababu yangu.

Lakini nisikilize hapa. Wewe ndiye uliyefungua bucha siku ya tatu, ukiwa na miaka ishirini, wakati watu wazima wote wamekaa chini wanalia. Uliudhika na kifo ukakionyesha mgongo. Huo ukaidi uko wapi? Kwangu uliutumia vizuri sana, miezi mitatu mizima. Kwa nini kwa ugonjwa unakuwa mpole? Kwa nini kwa bakuli la supu unakuwa mtiifu?

Vidonge umeze. Mazoezi ya mkono ufanye hata yakikutoa machozi. Na sahani ibadilike. Kama hupendi kunisikia mimi, nichukie, lakini nichukie ukiwa unatembea.

Nakuja Ijumaa.

Dada yako

*

13 Aprili

Dada,

Usije.

Naandika kwa kushoto na sasa sifichi. Nikikuona mlangoni nitajua umekuja kuniaga, na sijapanga safari. Basi la Ijumaa lipite bila wewe. Nakuomba kama mdogo, na kama hilo halitoshi, nakukataza kama mwanamume mwenye nyumba.

Sitakula dengu kwa sababu nimeanguka. Hilo wengi wanaliweza. Mtu akianguka hula hata udongo akiambiwa ni dawa. Nikizila itakuwa kwa sababu nimetaka, siku niliyotaka, na sitaki shahidi.

Kovu lako nililiona. Kilemba kilipanda ulipokuwa unacheza. Nilidhani ni huyo muuza vitunguu amekupiga, ndiyo maana nilikuja na ile sahani na roho mbaya vile. Sikujua niulizeje.

Muulize mtu wa siki, kijiko kimoja ni kidogo au kikubwa? Wifi yako anabishana na mimi.

Mdogo wako

*

27 Juni

Wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo, na kwa kuwa ulimsikiliza hukuja, nimeona nikuandikie kabla binamu hajakuletea toleo lake.

Anakula. Lakini uone anavyokula. Ananituma nifunge pazia la dirisha la mtaani kwanza, kama mtu anayehesabu madini. Anasema hazina ladha, kisha anachovya mkate mpaka bakuli linang'aa. Samaki tumepata wa kuaminika, Jumanne na Ijumaa. Supu ya asubuhi niliacha kupika bila kumuuliza. Siku nne alikuwa hasemi nami. Siku ya tano akaniomba mtindi, akatia matunda mwenyewe kwa mkono wa kulia. Kijiko kilidondoka, nikajifanya sijaona. Akakiokota.

Uani anazunguka na fimbo. Mwezi uliopita ilikuwa mara mbili akiegemea ukuta, sasa ni mara thelathini, na ukimwambia pumzika anaongeza mbili za hasira.

Jumamosi tulifungua bucha. Amemwajiri mkataji, mtu mzima anayeijua kazi, yeye anakaa kwenye kiti kirefu karibu na mizani. Watu walijaa kuja kumtazama kuliko kununua. Mwalimu naye akaja kwa ajili ya maini yake. Akampa pole, kisha akashindwa kujizuia, akauliza vidonda vya tumbo vya dada vinaendeleaje.

Mume wangu akashuka kwenye kiti. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumshika. Akaegemea gogo, akasema, "Dada yangu haumwi tumbo. Niliwadanganya. Dada yangu amekataa kufa, na mimi nimekataa pia. Nyama yangu ni safi, chukua, kula kidogo, uje tena wiki ijayo ukiwa hai. Nani ana swali?"

Mwalimu alichukua nusu ya anachochukua siku zote. Niliogopa hasara ile ingemkasirisha, lakini mume wangu alimfungia nyama vizuri, akamwongezea limau kutoka kwenye kapu letu la nyumbani, akamwambia akamulie.

Jioni akanikataza nisikuandikie haya. Kwa hiyo naandika asubuhi.

Wifi yako

*

11 Agosti

Wifi,

Ujumbe nilioutuma kwa simu unatosha kukuondoa wasiwasi: yuko kwangu, ni mzima. Haya mengine nimeyaacha yaje kwa karatasi.

Najua alikuaga kwamba anakwenda mnadani kutazama ng'ombe. Mimi nilikuwa cherehanini, nashona mifuko ya kaptula, nikasikia cherehani za wenzangu zote zimesimama. Nikageuka. Amesimama mlangoni, fimbo mkono wa kulia, shati limeloa jasho mpaka kiunoni. Ametembea kutoka stendi. Unaijua ile stendi, wifi, na ule mlima. Madereva watatu walimwita, akawapita. Akasoma aproni yangu kwa sauti, "Mgiriki," akauliza kama ndipo anapofanyia kazi. Fundi wa vifungo akamletea kiti. Akakataa. Akanisubiri amesimama mpaka saa ya kutoka, na mimi sikumbembeleza, kwa sababu kila dakika aliyosimama ilikuwa yake.

Jioni nilitandika uani. Nahodha alikuja na mkewe, maana ndugu yangu alisema hawezi kula siki ya mtu asiyemwona uso. Wakabishana kuhusu dengu mpaka majirani wakachungulia. Nahodha anasema kijiko kimoja, yeye anasema viwili, na kwamba wale mabaharia walimficha kitu. Tulikula taratibu, tukizungumza, mabakuli yakijazwa tena kabla hayajaisha. Samaki alimchambua mwenyewe, mwiba kwa mwiba, kwa mkono ule ule. Mara moja tu nilinyoosha mkono nimsaidie, akaniangalia, nikaurudisha nikachukua nyanya.

Walipoondoka nilimuuliza amefuata nini safari yote hii. Akasema alitaka kujua kama mguu unafika. Nikamuuliza tena, akasema tangu siku ile ya ukumbini hajawahi kula na mimi, na hakutaka ile ndiyo iwe ya mwisho. Hakulia, wala mimi sikulia. Tulikunja mkeka.

Atakaa wiki moja. Usimtume mtu kumchukua. Atarudi alivyokuja, kwa miguu mpaka stendi. Nimempa kalamu aongeze neno lake hapa chini. Amechagua mkono wa kulia, na imembidi aketi nayo robo saa.

Wifi yako, Fundi

Mke wangu. Nimekula. Sijakubali.